Mwenye Mtungi Ndiye Anayeonja

Mashavu binti Mdoe wa Chanika alikuwa mfinyanzi, na kama wafinyanzi wote wanaojiheshimu, alikuwa mgumu wa kuridhika. Mtungi ukitoka motoni na ufa mwembamba kama unywele, aliuvunja palepale mbele ya aliyeuagiza. Mtu akibembeleza apewe hivyohivyo, aliambiwa mitungi ya kuvuja ipo mingi Handeni, akaitafute kwa wengine. Alikuwa mjane wa makamo, mfupi, mikono mipana, na pua ambayo majirani walisema ilizaliwa siku moja kabla yake. Pua hiyo ilimwambia udongo umechimbwa bonde gani. Ilimwambia pia nani ameunguza uji nyumba ya tatu, naye hakuwa mtu wa kuinyamazia habari kama hiyo. Watu walimcheka sana kwa pua ile kabla haijafika siku ya kuishi kwayo.

Jambo moja lazima lijulikane kwanza, maana bila hilo mengine yote yataonekana ni ukaidi wa watu wajinga, nao hawakuwa wajinga. Kwa watu wa Chanika, anayekupa maji huyaonja kwanza. Uwe mgeni wa mbali au ndugu wa tumbo moja, mwenye mtungi huchota kwa kata, hupiga funda moja, humeza mbele yako, ndipo hukukabidhi. Hamna neno linalosemwa. Lile funda ndilo neno lenyewe: haya ninayokupa ni haya ninayokunywa. Mtu akikupa maji bila kuonja, unashukuru, unayaweka chini, unakumbuka una safari.

Mwaka ule, reli ya Wajerumani ikiwa imeshaipita Korogwe miaka mingi na kuelekea Moshi, mvua za masika zilinyesha siku nane zikakoma. Ilipofika katikati ya kiangazi, lambo la Chanika lilikuwa limebaki dimbwi la rangi ya chai ya maziwa, wanawake wanachota upande huu, mbuzi wanakunywa upande wa pili. Ugonjwa wa kuhara damu ukaingia. Mashavu aliujua ugonjwa ule kwa sura na kwa jina. Miaka ya nyuma ulikuwa umemchukulia wanawe wawili katika juma moja, wa kwanza Jumatatu, wa pili Ijumaa, na tangu hapo hakuzaa tena. Kwa hiyo aliposikia kwamba mtoto wa mtu fulani amelala na tumbo, hakuuliza tumbo gani. Aliuacha nusu mtungi aliokuwa akiufinyanga.

Boma likaleta daktari wa Kizungu, na daktari akaja na msaidizi aliyeitwa Filemoni, Mshambaa kijana aliyelelewa na wamisionari huko Lutindi, mpole, mwenye sauti ya kusoma. Walikuja na pipa la unga mweupe ulioshuka kwa gari moshi Korogwe na kubebwa vichwani mwa wapagazi siku tatu hadi Handeni. Ulinuka! Ulinuka hata ng'ombe waligeuza njia. Filemoni aliwaeleza watu kwamba hiyo ni chokaa kali, si ile ya kupaka ukuta, nayo huua vijidudu vya maradhi ndani ya maji. Kisha mbele ya kijiji kizima wakaimwaga katika lambo zima.

Watu waliangalia, wakanusa, wakarudi nyumbani. Kumbukumbu ya vita vya kusini ilikuwa bado mbichi, vita ambamo watu waliamini maji ya dawa, wakafa kama siafu. Basi mzungu mgeni, dawa ya kunuka, na maji ya kunywa, vitu vitatu hivyo kwa pamoja nani angevikubali? Wachache waliokunywa kwa kiu waliugua vilevile. Hapo maneno yakaanza kwamba ile chokaa ndiyo sumu yenyewe.

Mashavu hakusema ni sumu. Siku ileile chokaa ilipomwagwa, alikwenda lamboni asubuhi, akanusa. Akarudi adhuhuri, akanusa. Akarudi alasiri, akainama hadi pua ikakaribia kugusa maji, akasimama na kwenda moja kwa moja kwenye hema la Filemoni.

"Shikamoo, mama," Filemoni alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ile chokaa yako imekufa."

"Imekufa vipi, mama?"

"Asubuhi ilikuwa kali. Sasa hainuki kabisa, na maji ni yaleyale. Imekula tope, imeshiba, imelala. Vijidudu vyako vimesimama pembeni vinaitazama." Akamshika mkono. "Njoo nyumbani kwangu uone mfinyanzi anavyofanya."

Nyuma ya nyumba yake ilisimama mitungi mikubwa minane katika safu. Maji ya kufinyangia yenye mchanga huharibu chombo, hivyo Mashavu tangu usichana alikuwa akiyatuamisha. Maji ya tope huingia mtungi wa kwanza, yanalala siku nzima, ya juu huchotwa taratibu bila kuutikisa mtungi, yanachujwa kwa kaniki iliyokunjwa mara nne, yanaingia mtungi wa pili, yanalala tena. Alichota kata moja kutoka mtungi wa mwisho, akaonja, akamkabidhi. Filemoni alitazama ndani ya kata akauona kila mstari wa kifuu chini ya maji. Akacheka kwa furaha kama mtu aliyepata kitu alichokiacha mwenyewe.

"Mama," alisema, "daktari amesoma miaka mingi."

"Hakusoma udongo," Mashavu alijibu.

Kazi yao ilianzia hapo. Filemoni alimfundisha kipimo: kijiko kimoja cha chokaa ndani ya chupa iliyojaa maji, itikiswe, iachwe itulie, kisha kutoka chupani vijiko viwili kwa kila mtungi wa maji safi, mtungi ufunikwe, usubiriwe. Mashavu naye alimfundisha pua. Maji yakikaa kitambo yakawa bado yana harufu kidogo, yako tayari. Yasipokuwa na harufu, chokaa imepata cha kula, ongeza kidogo. Yakikukata pua umepitiliza, nawe utawafukuza watu. Katika juma moja Filemoni alikiri kwamba pua ya mama ilikuwa haikosei, hali kijiko chake kilikosea mara tatu.

Chokaa ile ilimtia alama. Kila tone lililorukia kaniki yake nyeusi liliacha doa jeupe, na haukupita muda akawa na madoadoa kuanzia kifuani hadi kwenye pindo. Watoto wakampa jina la Bibi Kanga, kwa yule ndege. Alijifanya amekasirika, akawakimbiza na mwiko, ila kaniki nyingine hakuvaa.

Daktari alitaka askari wasimame kwenye lambo wawazuie watu wasichote humo, ili wende kwa Mashavu wapende wasipende. Mashavu alimwambia Filemoni amfikishie bwana wake ujumbe: maji yanayonywewa chini ya bunduki hayatashuka kooni. Yeye angefanya kama ifanywavyo siku zote. Kila asubuhi alisimama kwenye mitungi yake, mwanamke akija na chombo, anachota, anaonja, anameza, anamjazia. Siku ya kwanza walikuja wawili. Siku ya kumi walikuwa mstari, na wa mbele mara nyingi alikuwa Fatu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mdogo mwenye ulimi mwepesi na watoto watatu. Fatu ndiye aliyekuwa akiwahimiza wenzake, "Njooni, Bibi hajafa bado!" Kuhara damu kukapungua nyumba kwa nyumba. Kwa mara ya kwanza tangu azike wanawe, Mashavu aliimba akikanda udongo, wimbo wa mistari miwili tu, ambao hata mwenyewe hakuujua vizuri.

Mwezi ukaandama. Ramadhani.

Alilifikiria mapema, si mtu wa kushtukizwa. Watu wazima hawanywi mchana, sawa, lakini watoto wanakunywa, wagonjwa wanakunywa, na maji ya futari na daku huchotwa mchana, kwa sababu baada ya magharibi simba walikuwa wakishuka njia ya lambo na hakuna mwanamke aliyetoka. Maji yachotwe mchana, na anayetoa lazima aonje. Alimwendea Mwalimu Muhidini, aliyewafundisha watoto Kurani, mzee mwenye huruma na mwenye kupenda kupata njia ya katikati katika kila jambo.

"Nimwachie Filemoni aonje? Yeye Mkristo, hafungi."

"Mitungi ni ya nani?" aliuliza mwalimu.

"Yangu."

"Basi wamwamini yeye kwa nini? Mwenye mtungi ndiye anayeonja." Akafikiri, akapapasa ndevu. "Lakini mpishi huruhusiwa kuonja chumvi kwa ncha ya ulimi akatema, na saumu yake haiharibiki. Nawe fanya hivyo. Onja, tema."

Ilikuwa fatuwa nzuri. Kitabu hakikuwa na neno dhidi yake. Mashavu alirudi na moyo mweupe.

Asubuhi ya kwanza ya mfungo wanawake walijipanga, Fatu mbele. Mashavu akachota, akaweka maji kinywani, akayazungusha, akageuka pembeni, akatema.

Fatu akarudi nyuma hatua moja, mtungi kichwani.

"Ametema," alisema. Akaipaza sauti: "Jamani, leo ametema!"

"Fatu, nimefunga, mwanangu! Ni mfungo!"

Lakini nani alisikiliza? Macho yalikuwa yameshaona. Tangu wazaliwe hawakuwahi kumwona mwenye mtungi akitema alichotaka kuwapa. Mstari ukavunjika. Wanawake wakashika njia ya shimo la ng'ombe, huko ambako Wamasai waliinywesha mifugo yao, kwa kuwa lambo lenyewe walikuwa hawaliamini tena. Mashavu aliwafuata hadi nusu ya njia akiita majina yao mmoja mmoja. Hakugeuka hata mmoja.

Siku ya pili hawakuja. Siku ya tatu hawakuja, na jioni yake mtoto mdogo wa Fatu, msichana aliyekuwa ameanza kutembea kwa kushika ukuta, alishikwa na tumbo. Mashavu alimsikia kupitia ukuta. Alipeleka maji, mtungi ukarudishwa mlangoni haujaguswa. Filemoni naye alikwenda, akapiga hodi, akakaribishwa hadi uani na hakupita hapo. Siku ya tano, kabla ya adhuhuri, kilio kikapanda. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Mashavu alikijua kilio kile kabla hakijafika katikati. Alikaa chini kwenye udongo wake na kulia mpaka sauti ikakauka. Alijiambia maneno ambayo hakuna mwingine aliyeyasema: funda moja. Funda moja tu, ningelimeza.

Msibani siku ya pili, wanawake wamekaa ukumbini, wanaume nje pamoja na Mwalimu Muhidini, jua liko utosini. Mashavu akaja na mtungi kichwani, na kaniki yake ya madoadoa. Akautua katikati ya uwanja mahali ambapo wa ndani na wa nje wote waliweza kuona. Akachota kata. Haikuwa funda. Aliijaza kata hadi maji yakachuruzika kwenye kiwiko, akainua uso, akanywa yote, taratibu, koo likipanda na kushuka, mchana kweupe wa siku ya sita ya Ramadhani, mbele ya Waislamu wote wa Chanika. Akaigeuza kata juu chini. Halikudondoka hata tone.

"Nimemeza," alisema. "Nitameza kila siku, mpaka mwezi uandame. Saumu yangu ni baina yangu na Mola wangu. Chukueni maji."

Mzee mmoja alisema astaghafirullah. Mwalimu Muhidini alisimama, na yule mzee aliyependa njia ya katikati akaiacha siku hiyo. "Ni dharura," alisema kwa sauti iliyosikika hadi ndani. "Atazilipa siku zake. Mimi ndiye niliyempa ushauri wa kutema. Kama kuna dhambi hapo, sehemu kubwa ni yangu."

Kisha Fatu akatoka mlangoni, kichwa wazi, macho yamevimba. Alimtazama Mashavu, akautazama mtungi.

"Sasa ndiyo unameza, Bibi?" aliuliza. Hakupiga kelele. "Sasa?"

Fatu akarudi ndani.

Mstari ulirudi kesho yake. Ukihesabu na ile ya msibani, siku ishirini na tano Mashavu alisimama kwenye mitungi yake, akachota, akameza, akajaza, na ishirini na tano zote alishinda na njaa vilevile. Chakula hakugusa mchana, na maji hakunywa zaidi ya yale mafunda ya kazi. Kushinda njaa huko hakukuhesabiwa saumu na alilijua hilo, alifanya kwa kuona haya. Wapo waliomwita mla mchana, tena vinywa vilevile vilivyotoka kunywa maji yake. Watu ndivyo tulivyo. Aliwajazia vilevile. Mara moja tu alisimamisha kazi: pipa jipya lilipofika kutoka Korogwe, alifungua, akanusa, akafunika. Mfuniko ulikuwa umelegea njiani na chokaa ilikuwa imekufa. Filemoni alisema hakuna namna, watie hivyohivyo, watu hawatajua. Mashavu akamwambia yeye atajua. Kwa siku nne, mpaka Filemoni aliporudi na pipa zima, alichemsha maji ya kijiji kizima kwa kuni alizozisomba yeye na wale wanawake wa mstarini.

Hakufa mtu mwingine kwa tumbo mwezi ule Chanika. Fatu hakuja mstarini hata siku moja. Maji ya nyumbani kwake alichota wifi yake, na walipokutana njiani, Fatu alitazama kando.

Idi ikaja, ikaliwa. Siku ya pili yake Mashavu akaanza kulipa. Hakumtangazia mtu. Joto lilikuwa kali kuliko la Ramadhani yenyewe, na mfungo wa peke yako hauna wa kukuchekesha wala harufu ya futari ya jirani ya kukupa moyo. Mitungi sasa hakuionja, alimwambia kila mmoja aliyekuja: "Leo namlipa Mungu, ataonja Filemoni." Nao walikubali, kwa kuwa walishamwona akimeza siku ishirini na tano. Filemoni alionja kwa heshima kubwa, kama padri na kikombe chake.

Siku ya pili ya kulipa, jua lilipokuwa linazama, Mashavu alikuwa amekaa kwenye kizingiti akingoja adhana, midomo imekauka. Akasikia mlango wa pili unafunguliwa. Fatu alikuja, akapita mbele yake bila salamu, akaenda kwenye mitungi, akafunua ule wa mwisho, akachota kata. Akarudi akasimama mbele yake.

"Jana jikoni kwako hakukutoka moshi mchana," alisema. "Nikajua unalipa."

"Ni siku zangu, Fatu."

"Moja ni yangu. Leo na mimi nimefunga."

"Mwanangu, wewe hukula hata siku moja. Na sharia hairuhusu mtu kumlipia aliye hai. Muulize mwalimu."

"Nimemwuliza, kaniambia hivyohivyo. Nikamwambia basi Mungu aiweke anapotaka." Akaitazama kata. "Bibi, aliyetema ni wewe. Lakini aliyepiga kelele ni mimi, na aliyekwenda shimo la ng'ombe ni mimi, kwa miguu yangu hii, na yeye nimembeba mgongoni. Hasira yangu haikuwa yako. Sikuwa na pengine pa kuiweka."

Mashavu alitaka kusema funda moja, ningelimeza, lakini kabla hajafungua kinywa adhana ikaanza.

Fatu akainua kata. Akapiga funda. Akameza, na akainua kidevu ili koo lake lionekane likishuka, sawasawa na Mashavu alivyofanya msibani. Kisha akapiga goti moja chini, akamkabidhi kata kwa mikono miwili.

"Karibu maji, mama," alisema.

Mashavu akaipokea. Pua ikamwambia chokaa iko sawa. Akanywa.